Chuma Kikae Mfukoni

Siku mliyoniaga hapo hospitalini Bwera, nilipostaafu, mlichinja mbuzi, mkanivika kitenge, kisha yule kijana wenu mwenye maneno mengi akasimama akauliza mbele ya watu wote: "Musawo Biira, na ile chuma ya Afande, unatuachia lini?" Mkapiga makofi. Nikacheka, nikasema ngojeni nile kwanza. Sasa nimekula, nimepumzika, na nimechoka kukwepa simu zenu. Chuma sinacho. Nitawaambia kilikokwenda, ila itabidi nianzie mbali, maana nikianzia karibu mtanihurumia, na huruma siitaki.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Baadhi yenu mmetoka ng'ambo ya mto Lubiriha, upande wa Kongo, na Kiingereza chenu ni cha kuombea maji. Wengine mmezaliwa Kasese mjini, na Lhukonzo chenu ni cha kumsalimia bibi tu. Kwenye Kiswahili tunakutana katikati, kila mmoja akikivunja kwa namna yake.

Kazi ya kulaza watu kwa nusu kaputi, iliyofanya niitwe musawo, yaani tabibu, niliianzia katika hospitali ndogo upande wa Kasese. Jina lake naliacha, kwa sababu kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu, si la jengo. Nilifika na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya plastiki na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Kasese liliviharibu kabla ya Ijumaa. Mkuu wa dawa za usingizi alikuwa mzee Thembo, aliyewahi kuwa tabibu wa jeshi. Magwanda alikwisha kuyavua miaka mingi, lakini magwanda hayakuwa yamemwacha. Sote tulimwita Afande, hata padri.

"Unajua kuweka mrija?" aliniuliza asubuhi ya kwanza.

"Najua, Afande. Chuoni nilikuwa wa haraka kuliko wote."

"Haraka? Mgonjwa anakimbia kwenda wapi?"

Manesi wakacheka. Mimi nikanuna mpaka chakula cha mchana.

Kwa faida ya wake na waume zenu watakaosoma hii karatasi mezani, chuma ninachokisema ni laringoskopu. Ina mpini wenye betri ndani, na ulimi wa chuma uliopinda wenye taa ndogo kwenye ncha. Ukiikunjua taa inawaka, ukiikunja inazimika. Mgonjwa akishalala, unaitumia kuinua ulimi na kidakatonge ili uione njia ya pumzi na kupitisha mrija. Hospitali ilikuwa na ya kwake, yenye taa iliyosinzia kuliko wagonjwa. Afande alikuwa na yake mwenyewe aliyotoka nayo jeshini, na taa yake haikuwahi kukosea. Jambo la ajabu ni mahali alipoiweka. Sisi sote tulipanga vifaa kwenye trei. Yeye chuma chake alikiweka katika mfuko wa kulia wa koti, na hakikutoka humo mpaka yeye aridhike.

Sababu aliniambia wiki ile ile, tukiwa na mama mmoja mwenye presha aliyekuwa amekwisha kufumba macho. Nikanyoosha mkono kuomba chuma. Afande akaupiga kofi.

"Wewe! Macho imelala. Moyo bado iko gadi. Unaingia kambi ya watu bila kusalimia gadi? Atakupiga risasi."

Sijapata kusikia somo lile likielezwa vizuri zaidi, na nimekaa kwenye semina nyingi zenye soda za bure. Koo likiguswa na chuma, mwili hushtuka hata kama mwenyewe hajui lolote. Moyo unakimbia, mishipa inajikaza, presha inaruka na kukaa juu kwa dakika kadhaa. Kijana mzima hupita hapo salama. Mwenye presha ya zamani, mshipa wa kichwani unaweza kupasuka wakati nyinyi mnasifiana jinsi mrija ulivyoingia vizuri. Kwa hiyo Afande alianza na dawa ya kutuliza, kidogo kidogo, kisha akasubiri. Alipima presha. Akasubiri. Akapima tena. Hapo ndipo mkono ulipoingia mfukoni. Siku hizi naambiwa kuna dawa mpya zenye majina marefu ya kumchosha karani, zinazoutuliza moyo bila kuzima pumzi. Zitumieni mkizipata. Lakini hakuna dawa niliyowahi kuiona inayofanya kazi ikiwa bado iko kwenye mshipa wa kiwiko, haijafika moyoni.

Katika mwaka wangu wa pili ikaja kambi ya kupasua rovu. Watu wetu wa milimani mnawajua, shingo ikivimba huifunga kitambaa miaka kumi kabla ya kuja hospitalini. Daktari mgeni wa upasuaji alikuja kwa siku tatu, na mabenchi ya nje yakajaa. Siku ya pili Afande akapata habari ya msiba wa shemeji yake kule Ibanda. Kabla ya kupanda boda alitoa chuma mfukoni akanikabidhi mbele ya manesi.

"Hii inakaa mfukoni mpaka presha inakubali. Umesikia?"

"Nimesikia, Afande."

"Umesikia na masikio," alisema, akaondoka.

Nilikiweka kwenye trei. Kwa miaka nilijiambia kwamba ni kwa sababu mifuko ya koti langu ilikuwa midogo. Ukweli ni kwamba nilitaka daktari mgeni akione. Wagonjwa watatu wa kwanza walikwenda vizuri, na daktari akasema kwa sauti, "Huyu dada ana mkono mwepesi." Sifa hiyo ilinipanda kichwani kama tonto, ile pombe ya ndizi, ya siku tatu.

Wa nne alikuwa Muhindo, mtu wa Mubuku. Kazi yake kwenye skimu ya umwagiliaji ilikuwa kuita zamu za maji. Kila alfajiri alisimama kwenye lango la mfereji na kuita jina la mwenye shamba ambaye zamu yake imefika, na sauti yake ilivuka mpunga wote mpaka upande wa pili. Rovu lilikuwa limeanza kumkwaruza sauti, ndiyo maana alikubali kupasuliwa.

"Musawo, mimi naogopa kitu moja tu," aliniambia akiwa mezani. "Sauti yangu isiharibike. Bila mimi kuita, hawa watu wataibiana maji mpaka wauane."

Nikamcheka kidogo, nikamwambia daktari ana mikono mizuri. Presha yake ilikuwa mia na themanini kwa mia na kumi. Vidonge alivinywa akikumbuka. Ningeweza kumrudisha wodini atulizwe kwanza, siku mbili tu. Nje mabenchi yalikuwa yamejaa, na ndani daktari alikuwa amekwisha kunawa mikono.

Nilimpa ile dawa ya kutuliza, na papo hapo nikafuatisha ya usingizi na ya kulegeza misuli, bila kupumzika katikati. Macho yakafumba. Nikachukua chuma. Rovu lilikuwa limesukuma njia ya pumzi pembeni, sikuona kitu. Nikainua kwa nguvu zaidi. Sikuona. Nikatoa, nikampa hewa, nikarudi. Mara ya tatu nikaona ukingo, mrija ukapita, na nikajisikia fundi.

Nesi alikuwa ameshika mkanda wa presha. Nilipomtazama nikaona anapampu tena, kama mtu asiyeamini macho yake.

"Musawo, iko mia mbili na sitini."

"Pima vizuri."

"Nimepima vizuri. Bado inapanda."

Nilimwongezea usingizi, na presha ikashuka polepole sana. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama, ile mishipa ya sauti haikuguswa hata kidogo. Ila Muhindo alipoamka mdomo ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kulia ulining'inia. Sauti ilikuwepo. Maneno ndiyo hayakuwepo. Alinitazama akijaribu kuniuliza jambo, ikatoka kelele tu, akajaribu tena, na nikaona machoni mwake kwamba anaisikia ile kelele na anaielewa.

Daktari aliandika kwamba mgonjwa amepata kiharusi, na kwamba alikuwa na presha ya zamani. Nami nikaandika hivyo hivyo. Hakuna aliyeandika uongo, kama mnavyoona. Mke wake Kabugho aliposikia kwamba kiharusi huwa kinaua, na mumewe amepona kifo, alinishika mikono yote miwili. "Wasingya, musawo," alisema. "Umemurudisha." Nikakubali shukrani.

Afande aliporudi kutoka Ibanda aliniuliza swali moja. "Ulisubiri?"

"Ndiyo, Afande."

Akachukua karatasi ya usingizi. Muda wa dawa na muda wa mrija ulikuwa umeandikwa hapo kwa mwandiko wangu, mstari kwa mstari, na kati yake hakukuwa na nafasi hata ya kupiga chafya. Akaisoma, akairudisha kwenye faili. Alikifuta chuma kwa spiriti, akakitia mfukoni mwake, na kwa miezi sita nilishika barakoa ya hewa tu. Hakunishtaki, hakuniuliza tena. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa wema. Siku aliyostaafu ndipo aliponikabidhi mara ya pili. "Hii chuma inakujua," aliniambia, na mimi nilijua anasema nini.

Methali ya haraka mnaijua, sitawachosha nayo. Nitawaambia kuhusu mchele. Kila msimu wa mavuno Kabugho alinitumia mfuko wa mchele wa Mubuku, mweupe, umepetwa vizuri. Hata nilipohamia Bwera ulinifuata kwa gari la mizigo, na salamu kwamba Muhindo anaendelea, bado hasemi, wanamshukuru Mungu na musawo. Nilikuwa naupika na kuula. Kitu kibaya sana kuhusu mchele ule ni kwamba ulikuwa mtamu.

Bwera mpaka ni mto tu, na mgonjwa hajui kama amevuka. Mambo yakiharibika upande wa Beni, watu huja na magodoro kichwani. Wakati huo tulikuwa tumepata mashine ya kuonyesha presha yenyewe, na fentanili kidogo, dawa kali ya kutuliza, katika kabati la kufuli. Koti langu nilikuwa nimelishonesha mifuko mipya, mikubwa.

Adhuhuri moja ya siku ya soko boda iliingia getini na watu watatu. Katikati alikuwa Masika, mwenye mimba ya miezi minane, amevimba uso mpaka macho hayaonekani, na nyuma yake mumewe Kasereka, mchuuzi wa mafuta ya mawese kutoka Butembo, amemkumbatia asianguke. Kifafa cha mimba kilikuwa kimemkamata mara mbili njiani.

"Musawo, bibi yangu iko anakufa," alisema Kasereka. "Tangu asubui iko analia kichwa, iko anasema haoni muzuri. Beko wawili. Tafazali, usiache hata mumoja."

Presha ilikuwa mia mbili na ishirini. Tulimpa magnesiamu ya kuzuia kifafa na dawa ya kushusha presha, ikashuka kidogo na kugoma. Damu yake haikuwa ikiganda sawasawa, kwa hiyo sindano ya mgongo haikuwezekana. Ilibaki nusu kaputi, na nusu kaputi maana yake mrija, na mrija maana yake chuma. Mkunga wetu, Sista Ithungu, alikuwa ameinama na sikio lake kwenye tumbo la Masika.

"Moyo wa mtoto umeshuka. Tisini."

Daktari Mbusa alikuwa tayari ameshika kisu. Kijana mzuri, ila damu ilikuwa bado inamchemka. Nikampa Masika fentanili, nikamwambia Sista: "Hii itamfikia mtoto. Atatoka amelala, hatalia. Weka puto la kupulizia karibu, umpumulie wewe mpaka dawa imtoke."

"Liko hapa," alisema Sista.

"Biira, mlaze basi!" alisema Mbusa.

"Bado."

Mkono wangu ulikwisha kuingia mfukoni wenyewe. Nilikishika chuma mle ndani, nikakibana. Mashine ikasema mia na tisini na tano. Masika alikuwa amekaa nusu wima na oksijeni usoni, anakoroma, na vidole vyake vilikuwa vinachezacheza juu ya shuka, jambo ambalo halikunipendeza.

"Themanini," alisema Sista.

"Mtoto anakufa, Biira!"

"Na mama?"

"Mama ana presha kila siku! Mtoto anakufa sasa hivi!"

"Bado, dokta."

Mia na themanini na tano. Nilikuwa naiona saa ya ukutani na sikuiamini, nilidhani betri imekwisha. Jasho liliniingia machoni. Nilikuwa namuona Masika, na nilikuwa namuona Muhindo, mmoja juu ya mwingine, na nilijua kwamba nikikosea safari hii kwa kusubiri, mtu mwingine atazikwa badala ya kunyamaza. Hilo chuoni hawafundishi. Kusubiri nako kunaweza kuua.

"Sabini," alisema Sista, na sauti yake ikapasuka.

"Huyu mtoto akifa nitaandika jina lako," alisema Mbusa.

"Andika. Lina herufi tano."

Dakika ya tatu, mia na sitini na tano. Nikapima tena. Mia na sitini na mbili. Nikapiga dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, nesi akabonyeza koo ili matapishi yasipande, na nikatoa chuma mfukoni. Koo lilikuwa limevimba, jekundu, lakini ukingo niliuona. Mrija mwembamba, mara moja, ukapita. Sikutazama mrija. Nilitazama mashine. Mia na sabini. Mia na sabini na nne. Ikasimama hapo, ikaanza kushuka. Gadi alituona, akatuacha tupite.

"Pasua," nikasema.

Mtoto alitoka wa bluu, mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Sista akamchukua akaanza kumpumulia kwa puto. Mbusa alianza kushona. Mimi sikuweza kuacha kichwa cha mama, nilisikia tu lile puto likibanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, muda mrefu, mpaka nikaanza kuomba kwa lugha ya mama yangu. Kisha kikatoka kikohozi kidogo, halafu kingine, halafu kilio cha hasira. Sista akacheka na kulia pamoja. Ilikuwa ni binti.

Kila mtu mle ndani alipumua isipokuwa mimi. Mtoto alikuwa wao. Mimi nilikuwa nasubiri maneno. Masika alipoanza kujitingisha nikatoa mrija, nikashika mikono yake yote miwili. "Masika, bana mkono wangu." Wa kushoto ukabana. Wa kulia ukakaa. Nikamwita tena. Ukakaa. Halafu vidole vikajikunja, polepole, vikabana mpaka pete ikaniuma. Akafungua mdomo.

"Mutoto yangu iko wapi?"

"Sema tena."

"Mutoto. Yangu. Iko wapi? Musawo, uko kiziwi?"

Nikamwambia nilikuwa kiziwi kidogo, na mtoto yuko mlangoni na baba yake. Kisha nikaenda kwenye chumba cha kuoshea vifaa, nikafungua bomba ili nisisikike, nikalia. Mlidhani nalia kwa furaha, wale mliokuwepo. Nilikuwa namlilia Muhindo, kwa sababu sasa nilijua kwa macho yangu bei ya dakika tatu nilizomnyima. Mbusa alikuja akasimama mlangoni. "Jina lako sijaliandika," alisema. Nikamwambia angeandika tu.

Tangu siku ile mchele wa Mubuku ulinikwama kooni. Hata hivyo nilinyamaza miaka mingine mingi. Mwoga hakosi sababu nzuri: leo ana zamu, kesho barabara ina matope, na Kabugho anaweza kuumia moyo. Nilisubiri mpaka nistaafu, na huko ndiko kusubiri nisikotaka mniige.

Wiki moja baada ya mbuzi wenu nilikwenda Mubuku. Muhindo alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na lango la mfereji, mzee sasa. Siku hizi zamu za maji zinatumwa kwa simu, na watu wanagombana kwa simu. Kabugho alinikimbilia kwa vigelegele. Sikumpa nafasi ya kuchemsha chai. Nilikaa chini mbele yao, nikatoa chuma nikakiweka juu ya mkeka, nikawaambia kwa Lhukonzo kila kitu, trei, mabenchi, mkono mwepesi, karatasi ya usingizi. Nikamwambia Muhindo kwamba sauti aliyoogopa kuipoteza mikononi mwa daktari ilipotelea mikononi mwangu, na kwamba aliniomba na nikamcheka.

Kabugho alinijibu kwa Kiswahili, kama anavyosema na watu wa ofisini.

"Miaka yote hii, musawo, ulikuwa unakula muchele yetu?"

"Nilikuwa nakula."

"Na mimi nilikuwa natajia Mungu jina yako."

Akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Muhindo akanyoosha mkono wake mzima, wa kushoto. Nilidhani anataka kunisalimia au kunipiga, na vyote viwili ningevikubali. Alikuwa anataka chuma. Nikampa. Alikigeuzageuza, akakibana magotini, akakikunjua, na taa ikawaka. Akaitazama kwa muda mrefu, akiikinga jua kwa kichwa chake. Halafu akakikunja, taa ikazimika, akakitia katika mfuko wa shati na kuanza kufunga kifungo. Kwa mkono mmoja kifungo kilimshinda, akarudia, kikamshinda tena. Mkono wangu ulitaka kwenda kumsaidia. Niliuzuia, nikasubiri mpaka kifungo kikaingia.

Basi msinipigie tena simu. Chuma kiko mfukoni.